Tamari Hakuulizwa Anachotaka

Somo la mwezi kwa jamaa, vijana na watumishi. Musome kwanza nyumbani: 2 Samweli 13:1-22, Hesabu 5:5-8, Luka 19:1-10.



Somo hili ni zito, nasi hatutalizunguka. Tunasema juu ya mabinti wetu wa Kenya, wa Katuba, wa Kamalondo na wa Rwashi, wanaopanda taksibisi asubuhi kwenda kusoma Kasapa na katika vyuo vingine vya muji huu, ama wanaolala kule kule katika ome. Tunasema juu ya mabaya wanayotendewa na wanafunzi wenzao, na wachumba wao, na mara nyingine na walimu wao. Wazazi wengi wanayajua mambo haya, lakini wanayasema kwa sauti ya chini, jikoni. Vijana wenyewe wanayafanyia muchezo: wanasema kuna magonjwa yanayopatikana kwa kulala na mutu, na kuna alama za egzame zinazopatikana kwa njia ile ile. Sisi hatuchekeshwi na neno hilo.

Ulizo la somo ni hili: siku jambo linapojulikana, watu wa Mungu wafanye nini?

NYUMBA YA DAUDI

Mukisoma 2 Samweli 13 polepole, muhesabu watu walio katika habari ile. Yuko Amnoni, mwana wa mufalme. Yuko Yonadabu rafiki yake, mutu wa akili nyingi, aliyemupatia mupango wa kujifanya mugonjwa. Yuko Daudi mwenyewe, aliyemutuma binti yake aende kupika chakula kwa ndugu yake, bila kujua. Wako wale waliotoka chumbani walipoambiwa watoke. Yuko mutumishi aliyemutoa Tamari inje na kufunga mulango nyuma yake. Halafu yuko Absalomu, aliyemuuliza ulizo moja tu, kisha akamwambia anyamaze kwa sababu aliyetenda ni ndugu yake. Na Daudi anasikia yote, anakasirika sana, na Maandiko hayatuonyeshi kitu kingine alichofanya.

Tamari peke yake ndiye aliyesema maneno ya haki siku ile. Alikataa, alieleza kwa sababu gani, alionyesha njia nyingine. Baada ya tendo alipasua kanzu yake, akaweka majivu kichwani, akatembea njiani akilia mbele ya watu. Yeye hakuficha. Waliomuficha ni jamaa yake. Alikaa katika nyumba ya Absalomu, maisha yake yameharibika, na kutoka pale hatusikii tena sauti yake hata mara moja.

Nao waliozani wanalinda heshima ya nyumba, walipata nini? Miaka 2 ilipita, Absalomu akamuua Amnoni kwenye karamu ya kukata manyoya ya kondoo. Kisha mwana akapigana vita na baba yake, na watu wengi ambao hawakujua hata jina la Tamari walikufa porini.

Katika nyumba nzima ile yenye mufalme, washauri na watumishi, hakuna aliyemuuliza: unataka nini? Unahitaji nini? Nani akae karibu nawe?

MBUZI, FEZA NA NDOA

Sasa tutoke Yerusalema, tuje kartier. Tuwaze binti wa mwaka wa kwanza. Kijana wa mwaka wa tatu, wanayeomba naye kanisa moja, amemwita chumbani kwake kuchukua notisi za kozi, kisha amefunga mulango. Binti anarudi nyumbani, anamwambia mama, mama anamwambia baba. Baba anakasirika kama Daudi. Wazee wa pande mbili wanaitwa, viti vinapangwa chini ya muembe. Wanauliza: kijana ana kazi? Baba yake anaweza kulipa? Mbuzi wangapi, feza ngapi? Ama wafungishwe ndoa upesi, kabla tumbo halijaonekana? Binti yuko jikoni, anachemusha maji ya chai ya wageni. Jioni wanaomba pamoja, wanapeana mikono, na kila mutu anasema mambo yamekwisha.

Mambo ya nani yamekwisha? Heshima ya baba imelipwa. Aibu ya wazazi wa kijana imefunikwa. Kesho asubuhi binti anapaswa kupanda taksibisi, na kukaa katika chumba kimoja cha kozi na mutu ambaye sasa anajua bei ya kosa lake: mbuzi wawili.

Inchi yetu imekwisha kusema juu ya jambo hili. Sheria namba 06/018 ya tarehe 20 Julai 2006 inamupa mutu aliyelala na mwenzake kwa nguvu kifungo cha miaka 5 hata 20. Sheria ndugu yake, namba 06/019 ya siku ile ile, inakataza kumaliza kesi ya namna hii kwa kulipa faini mbele ya polisi ama parke. Inaagiza pia kwamba uchunguzi wa parke usipite mwezi 1, na hukumu itoke katika miezi 3. (Kwamba mambo hayaendi hivyo kila mara, mutu gani wa Lubumbashi hajui?) Na muzazi anayemulazimisha mutoto wake kuolewa, hata kama mutoto amekwisha kupita miaka 18, anaweza kufungwa mwaka 1 hata 12. Basi wazee wanaopanga ndoa ile chini ya muembe wanaongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Ndugu wengine watatujibu kwa Torati. Watafungua Kumbukumbu la Torati 22:28-29 na kusema: ameagizwa amuoe. Tunawaomba wasome pia Kutoka 22:16-17, mahali baba anapopewa ruhusa ya kukataa ndoa. Wasome na mistari ya juu yake, Kumbukumbu la Torati 22:25-27, mahali binti aliyekamatwa shambani anahesabiwa hana kosa lolote, maana alilia na hapakuwa mutu wa kumuokoa. Sheria za kale zilitafuta mukate kwa mwanamuke wa wakati ule, ambaye bila mume angekufa njaa. Hata Tamari alipomuomba Amnoni asimufukuze, alikuwa mutu asiye na mulango mwingine. Binti yetu ana diploma ya serikali, ana mikono, ana wazazi. Tusimufunge maisha yote na mutu anayemuogopa, halafu tuseme ni Musa aliyetutuma.

Neno moja kando. Watu wanapenda kusema binti huyo "amenajisiwa." Sisi hatupendi kulitumia, kwa kuwa linaweka uchafu juu ya yule aliyeumizwa. Uchafu uko juu ya mikono iliyomukamata.

KWANZA MUNGANGA

Kabla ya mikutano yote, kabla ya maombi ya kufunga, binti apelekwe hospitali. Dawa za kuzuia ukimwi zinapaswa kuanza katika saa 72, na mapema ni bora; zikichelewa kupita hapo hazisaidii. Dawa ya kuzuia mimba inafanya kazi hata siku 5, lakini kila siku inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge kabla ya kuonwa na munganga, na nguo zake ziwekwe katika karatasi, zisifuliwe. Munganga aandike alichokiona. Karatasi ile itamungoja binti mupaka siku atakapochagua njia yake, hata kama leo hana nguvu ya kuchagua kitu. Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, Bukavu, aliyepewa tuzo la Nobel la Amani mwaka 2018, amefundisha dunia kwamba kidonda cha namna hii kinahitaji munganga wa mwili, mutu wa kutunza roho, mutu wa sheria, na njia ya kupata tena riziki, vyote pamoja. Kanisa linaloanza na mukutano wa wazee linaanza kwa mukia.

GEREZA NALO

Mutu atasema: basi njia ni gereza tu. Sisi watu wa makanisa ya manabii hatuwezi kulisifu gereza bila kufikiri. Nabii Simon Kimbangu alihukumiwa mwaka 1921, akaletwa katika muji huu uliokuwa ukiitwa Elisabethville, akakaa kifungoni miaka 30 hata akafa tarehe 12 Oktoba 1951. Tunajua kwamba gereza linaweza kumeza mwenye haki. Na katika Septemba 2020, wafungwa wa gereza kubwa la Kasapa walipofanya fujo, wanawake waliofungwa mule walishikwa kwa nguvu na wafungwa wanaume kwa muda wa siku 3. Tukimutuma kijana kule ajifunze kumuheshimu mwanamuke, atafundishwa na nani?

Tena katika tribinale avoka wa kijana anamushauri akane. Hiyo ndiyo kazi yake, hatumulaumu. Lakini wengi walioumizwa wanasema kwamba kitu walichotaka kusikia kuliko vyote ni maneno machache kutoka kinywa cha yule aliyetenda: ni kweli, nilifanya, hukusema uongo. Mukosaji anaweza kukaa miaka 10 gerezani bila kuyasema.

Hatusemi parke iachwe. Mutu anayewinda mabinti, leo huyu kesho yule, afungiwe. Tunasema tu kwamba kumufunga ni upande mumoja wa deni.

HAKI YA KUTENGENEZA

Mwaka 1974, katika muji mudogo wa Elmira, inchi ya Kanada, vijana 2 waliolewa waliharibu mali za watu 22 kwa usiku mumoja. Mutu mumoja Mumenoniti aliyefanya kazi na tribinale aliomba juji awatume vijana wale wapite mulango kwa mulango, wakutane na watu waliowaharibia, wasikie hasara yao, wailipe. Juji alikubali. Kutoka pale njia hii ilienea. Mwaka 1989 New Zealand iliiweka katika sheria yake juu ya watoto wenye kufanya makosa, ikifuata desturi ya Wamaori ya kuketisha jamaa nzima. Mwalimu Howard Zehr wa Marekani, Mumenoniti naye, aliieleza kwa maulizo mepesi: nani ameumizwa? Anahitaji nini? Nani ana deni la kutengeneza?

Kwetu maulizo haya si mageni. Hesabu 5 inaagiza mukosaji aungame, alipe yote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na amupe yule aliyemukosea. Angalieni mupango: malipo yanakwenda kwa aliyekosewa, hayakwendi kwa mukubwa wa kabila. Zakayo alisimama mwenyewe mbele ya watu akataja deni lake na namna atakavyolilipa mara 4. Hakungoja kusukumwa.

Lakini kuvunja dirisha si sawa na kuvunja mutu. Kwa miaka mingi hata wenye kuipenda njia hii waliogopa kuigusa kesi ya mwanamuke aliyelalwa kwa nguvu, na walikuwa na sababu. Mwanamuke mumoja, Profesa Mary Koss, aliijaribu Tucson katika jimbo la Arizona, Marekani, tangu mwaka 2003 hata 2007, katika kazi iliyoitwa RESTORE. Tuangalie ilivyokwenda, maana hapa ndipo tofauti yake na muembe wetu inaonekana.

Kesi zilitumwa na parke yenyewe. Aliyeumizwa aliulizwa wa kwanza, na akikataa, mambo yalirudi kwa juji bila mutu kumulaumu. Baada yake aliulizwa aliyetenda. Asipokubali kubeba kosa lake, hakupokelewa. Hawakukutanishwa mara moja. Kila mumoja alitayarishwa peke yake, pamoja na watu aliowachagua kukaa upande wake. Siku ya mukutano aliyetenda alisema kwanza, kwa kinywa chake, kile alichofanya. Kisha aliyeumizwa akaeleza kile tendo lile lilichomufanyia, usingizi wake, masomo yake, woga wake wa njia. Na jamaa wakasema yao. Mwisho patano liliandikwa: nini atalipa, matunzo gani atakwenda kufuata, mahali gani hatakanyaga tena. Kwa miezi 12 aliangaliwa kama analitimiza. Musamaha haukuwa sharti.

Katika vyuo iko habari ya Halifax, Kanada. Desemba 2014 ilijulikana kwamba wanafunzi wanaume 13 wa Dalhousie waliosomea unganga wa meno walikuwa na mahali pao pa siri katika intaneti, wakiandika maneno machafu na ya jeuri juu ya wanafunzi wanawake wa darasa lao. Watu wengi wa inchi walipiga kelele wafukuzwe. Wanawake 14 wa darasa lile wakachagua njia ya kutengeneza, na wanaume 12 kati ya wale 13 wakakubali. Kazi ilichukua miezi, na habari yake iliandikwa Mei 2015. Watu wa inje waliendelea kusema kwamba wanawake wale wamelazimishwa, na wao wakapaswa kujibu kwamba wamechagua wenyewe. Hilo linatufundisha kitu: hata wenye kujifanya watetezi wanaweza kusahau kumuuliza Tamari. Tena kazi ile haikuishia kwa wale 12. Iliuliza juu ya shule yenyewe: ni kicheko cha namna gani kilizoewa mule, hata vijana wakaona maneno yale ni muchezo?

Ulizo hili lingetakiwa kuulizwa Dar es Salaam mapema. Pale iniversite, kwa miaka mingi, palikuwa na desturi ya karatasi zisizo na jina la mwandishi zilizobandikwa ukutani, zikiitwa Mzee Punch. Ziliwachora na kuwatukana hasa wanafunzi wanawake waliokataa kutongozwa, na wenzao wote walipaswa kuwatenga. Mwanafunzi mumoja, Levina Mukasa, alitendewa hivyo, na mwanzoni mwa mwaka 1990 akajiua. Nani alimuua? Hakuna mukono mumoja wa kuufunga pingu. Wako walioandika, wako waliobandika, wako waliosoma wakacheka, wako wakubwa waliosema ni utoto. Tribinale haina kiti cha watu wengi namna hii. Mukutano wa kutengeneza unacho.

Nasi wa Lubumbashi tusijifanye wageni wa ukimya wa vyuo. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi waliuawa katika iniversite yetu, na hesabu yao watu hawajapatana juu yake hata leo.

MAHALI MULANGO UMEFUNGWA

Njia hii si ya kila kesi. Tunaomba watumishi walisikie neno hili vizuri.

Haiwezi kuchukua nafasi ya sheria. Tumekwisha kuona kwamba hapa Kongo kesi ya kulala na mutu kwa nguvu haimalizwi kwa mapatano. Mukutano wa kutengeneza unaweza kwenda kando ya hukumu, ama baada yake, hata mukosaji akiwa amefungwa, hauwezi kuifuta. Na kama aliyeumizwa hajatimiza miaka 18, tusiitishe mukutano: tumulinde na kumupeleka kwa wenye kazi hiyo.

Haifai mahali mumoja ana alama za mwenzake mukononi. Marekani mwaka 2011 serikali ilikataza vyuo kupatanisha watu katika kesi za kushikwa kwa nguvu. Mwaka 2020 sheria mupya ilifungua njia ya mapatano, pande zote mbili zikikubali kwa maandishi, lakini ilikataza kabisa pale mufanyakazi wa shule ndiye anayeshitakiwa na mwanafunzi. Sababu inaonekana. Mwanafunzi gani atasema hapana mbele ya asistan atakayesahihisha egzame yake? Oktoba 2019 waandishi wa BBC walionyesha filamu ya walimu wa vyuo vya Nigeria na Ghana wakiwasumbua mabinti kwa jambo hili. Mumoja wao, wa Lagos, alikuwa pia muchungaji, na chuo kilimufukuza mwaka 2021. Makerere, Uganda, mwaka 2018 kamati ya Profesa Sylvia Tamale ilichunguza mambo ya namna hii na kutaka sheria za chuo zikazwe. Hapa kwetu sheria ile ya 2006 inamupa mwenye kusumbua mutu namna hiyo kwa nguvu ya kazi yake kifungo cha mwaka 1 hata 12. Mwalimu wa namna hii ashitakiwe. Tusimuitie duara la maombi.

Haifai pia, ama inafaa kwa shida kubwa, kwa muchumba anayepiga. Tunajua wengi wanashangaa kusikia hivi, kwa kuwa wanaona wachumba ndio wa kupatanisha kwanza. Lakini angalieni kijana anayempiga makofi mupenzi wake siku ya kwanza ya juma, siku ya tatu anapiga magoti, analia, analeta zawadi, na juma linalofuata anapiga tena. Kwake kuomba musamaha ni sehemu ya kupiga. Tukimuketisha mbele ya wazee atalia vizuri kuliko wote, na sisi tutamusukuma binti amurudie. Anayemukataza binti kusema na wenzake, anayepekua simu yake kila jioni, anayemwambia akimuacha atamuua, huyo si wa kuletwa mezani. Binti apewe kwanza mahali salama pa kulala.

NABII ALITUMWA KWA NANI

Sasa neno la nyumbani mwetu. Katika makanisa ya Roho wako wenye kusimama na kusema: nimeonyeshwa binti huyu amusamehe, nimeonyeshwa ndoa yao. Mutume Paulo, 1 Wakorinto 14:29, anaagiza wengine wapime yanayosemwa na manabii. Basi tupime kwa Maandiko. Daudi alipomuchukua Betisheba na kumuua mume wake, Mungu alimutuma nabii Natani. Alimutuma kwa nani? Hakumutuma kwa Betisheba kumwambia avumilie. Alimutuma kwa mufalme, kwenye kiti chake, amuonyeshe kosa lake uso kwa uso. Unabii unaopita kando ya mwenye nguvu na kumuangukia aliyeumizwa haufanani na ule wa Natani, na watumishi wana kazi ya kuuzuia pale pale.

Wengine wanaleta Matayo 18:15, kwamba aliyekosewa aende kwanza peke yake kwa ndugu yake. Bwana alimupa aliyekosewa haki ya kusema na ya kuleta mashahidi. Hakuagiza mutu amurudishe binti peke yake katika chumba kile kile.

Kuungama nako kuna mipaka yake. Kijana akija kuungama mbele ya watumishi, tunamusikiliza, tunaomba naye. Lakini asilitaje jina la binti mbele ya watu, kwa maana habari ile ni ya binti, yeye ndiye wa kuisema ama kuinyamaza. Na baada ya kuungama, deni linabaki pale pale: gharama za hospitali, mwaka wa masomo uliopotea, na kweli ambayo bado hajaisema kwa polisi.

Wamama wametuuliza jambo moja ambalo wazee hawapendi kulijibu. Kijana na binti wanaimba katika kwaya moja. Nani atoke? Jibu letu ni kwamba yeye aliyetenda ndiye anayetoka. Anaondoka katika kwaya, na kama binti anataka, anahamia parokia nyingine, akiwa na barua ya wazee inayomweleza muchungaji wa kule sababu ya kuhama, asifichwe katikati ya kondoo wengine. Binti anabaki na kiti chake. Kama binti mwenyewe anachagua kwenda kuomba mahali pengine, aende kwa baraka, na mutu asimutembelee kumurudisha. Siku za kijana kukaa kule haziwekwi na wazee peke yao. Kila mwaka binti anaulizwa tena, na anayemuuliza ni mama mumoja aliyemuchagua yeye, nyumbani kwake, bila haraka. Na akisema bado, inaandikwa bado.